Ubao wa Matangazo Haufiki Micheweni



Nimeandikiwa hotuba nzuri, na aliyeiandika namshukuru, lakini naomba niiweke mezani, kwani liko jambo moja ambalo kila nisimamapo mbele ya wanachuo wa Pemba moyo haunitulii nisipolisema.

Miaka si mingi iliyopita, mtoto wa ndugu yangu alitoka Micheweni kwa daladala hadi Mkoani, akavuka bahari kwenda Unguja, ili asome jina lake katika karatasi iliyobandikwa ubaoni kwenye chuo kimoja. Naye alipofika alikuta karatasi imelowa mvua, wino umechuruzika, na muda wa kujiandikisha umekwisha jana yake, ilhali mfukoni mwake ilikuwemo simu ambayo kwayo khabari ile ingemfikia kabla hajatoka kwao. Mwaka mzima wa umri wa kijana ukapotea.

Basi mitandao hii ya kijamii, ambayo aghalabu twaitaja kwa lawama, ndimo walimo watu wetu usiku na mchana, na chuo kisichokuwamo kimejifungia mlango. Nawasifu kwa dhati vijana walionionesha asubuhi hii video ya mama mmoja akianika karafuu juu ya jamvi, si juu ya lami zinakochanganyika na mchanga zikashuka daraja, akizigeuza kwa kiganja na kueleza kwa lafudhi yetu ya Kipemba. Hiyo ni ilimu, na mkulima wa Mtambwe ataifahamu bila ya mkalimani. Kadhalika warikodiwe wazee wanaohifadhi tungo za washairi wetu Kamange na Sarahani, kabla hawajatutoka.

Lakini nimefungua kurasa za vyuo vyetu, nikaona picha za wageni rasmi wakikata utepe, na chini yake maswali ya wanafunzi juu ya ada na mikopo yamekaa wiki kadhaa bila ya jawabu. Hilo halifai. Nanyi wanafunzi, kundi la WhatsApp la darasa lisiwe soko la fitina na mitihani ya uongo.

Ama ombi lenu la kamera na intaneti, nimelipokea kwa mikono miwili. Nitalifikisha panapohusika, na Inshallah itatazamwa namna.

Walimu wangu, maswali yale ya wanafunzi mnayo. Yajibuni leo, kabla ya Magharibi.