Ndoto ya Usiku na Ndoto ya Mchana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyetujaalia usiku wa kupumzika na mchana wa kutafuta maisha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, tunajiusia nafsi zetu na kukuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Hakuna nyumba isiyokuwa na ndoto. Mmoja huamka na furaha, mwingine huamka na hofu, na wa tatu huota macho wazi. Je, ndoto ina amri gani juu yetu?

Bwana Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, ametufundisha kuwa ndoto ni namna tatu: ndoto njema, nayo ni bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha, itokayo kwa Shetani, na ile itokanayo na mazungumzo ya mtu na nafsi yake.

Hiyo ya pili imevunja nyumba nyingi. Mtu humwota shangazi yake akimfukuza kwa kisu. Asubuhi haitikii salamu yake, na jioni amekwisha mwita mchawi. Shahidi wake ni nani? Ni usingizi! Kadhi hahukumu kwa ushahidi wa ndoto. Sisi twapata wapi ruhusa ya kuwahukumu jamaa zetu? Mtume ametuagiza kwamba aliyeota vibaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageukie ubavu wa pili, wala asimhadithie mtu. Katika kunyamaza huko udugu husalimika.

Ama ndoto njema, tumtazame Nabii Yusuf (A.S.). Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na mashuke saba mabichi na mengine makavu. Nabii Yusuf hakuishia kwenye tafsiri. Aliagiza watu walime miaka saba mfululizo, na mavuno wayaache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, iwe akiba ya miaka saba ya shida. Ndoto ilikuwa ya kitambo cha usingizi. Kazi ilikuwa ya miaka saba. Lau wangaliistaajabia tu, njaa ingalikuta ghala tupu.

Na zipo ndoto za Alinacha. Mtu huyo, katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela, alirithi dirhamu mia moja, akanunua vyombo vya kioo, akaketi navyo kapuni akiwaza: faida, kisha jumba, kisha amemwoa binti wa waziri. Kwa kiburi akajiona akimpiga mkewe teke. Mguu ukalipiga kapu, vyombo vyote vikavunjika. Mali ilikuwa ya kweli. Ndoto ndiyo iliyoivunja.

Kutamani heri si dhambi. Lakini mwanafunzi ajionaye daktari na kitabu kimefungwa, na baba ajionaye tajiri na jembe limelala, kapu lao li karibu na mguu.

Basi tukiota vyema, tushukuru. Tukiota vibaya, tunyamaze. Tukitamani, tuinuke tukafanye kazi.

Ewe Mola wetu, tulinde tukiwa tumelala, na tuongoze tukiwa macho. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Amin.