UPEPO WA UBAVUNI

Leo twataka kujua kwa nini ndege ndogo, ikiwa imekwisha karibia ardhi, mara nyingine hupanda tena juu na kuwaacha watu wameduwaa.

Ninyi wa Iringa mnakijua kiwanja cha Nduli. Ninyi wa Mbeya mnakijua cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012, na wazee wanakikumbuka kile cha zamani cha mjini. Njia ya kutulia imenyooka, haigeuki. Upepo hugeuka upendavyo. Rubani hupenda kutua akiukabili. Ukimjia ubavuni, ni taabu.

Chukua daftari, chora mstari. Hiyo ndiyo njia. Sasa chora mshale unaoukata: upepo. Je, umepata kuvuka mto wa nguvu kwa mtumbwi? Huelekezi mtumbwi pale unapotaka kufika, bali juu kidogo ya pale. Rubani naye huelekeza pua ya ndege upande wa upepo. Hewani haidhuru, lakini magurudumu hayawezi kwenda kiubavu. Kwa hiyo kabla ya kugusa chini hana budi kuinyosha pua, na kulaza kidogo bawa la upande wa upepo. Akichelewa, gurudumu hugusa kwa ubavu na mguu wa ndege huweza kuvunjika. Akiwahi mno, husukumwa nje ya njia. Akilisahau lile bawa, upepo hulinyanyua, na la pili likakwaruza chini.

Ndege za kizamani zenye gurudumu mkiani, kama Dragon Rapide ambazo East African Airways ilianza nazo mwaka 1946, zilitaka uangalifu zaidi. Upepo ukiushika mkia, ndege huzunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Na huku kwetu ni juu. Nduli ni zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, basi ndege hugusa ardhi kwa mwendo mkubwa kuliko Dar es Salaam, kama 7 kwa mia.

Kitabu cha Cessna 172 chasema ilijaribiwa kwa upepo wa ubavuni wa karibu kilometa 28 kwa saa. Rubani akiona ule mfuko wa kitambaa mlingotini umevimba na kukatiza njia, huenda akapanda tena. Mgonjwa anangoja chini, ndugu zake wananung'unika. Naye aweza kurudi baada ya dakika chache, kwa hiyo ng'ombe wasivushwe njia.

Swali la darasa: kwa nini ndege nyingi ndogo hupenda kutua asubuhi, kabla jua halijapasha milima?