SAA 72 NA KIKAO CHA WAZEE
(Hotuba ya walimu, 25 Novemba)



Siku ya leo ni ukumbusho wa dada watatu wa ukoo wa Mirabal, waliouawa mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika kwa kumpinga dikteta Trujillo. Ni mbali na Uvira na Fizi tulikotoka. Jambo lenyewe, hata hivyo, tunalo hapa kambini.

Tusizunguke, tunasema juu ya mapatano. Msichana anabakwa njiani akitafuta kuni, au anabakwa na jirani wa nyumba ya tatu. Wazee wa pande mbili wanakaa. Wanahesabu mbuzi, kreti ya bia, na kitenge cha mama yake. Siku ya nne wanapeana mikono, neno limekwisha. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Sisi tunamwona darasani amekaa nyuma, kisha hatumwoni tena. Mara nyingine tunasikia ameozwa kwa yule yule.

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa ndani ya saa 72, na ikiwahi zaidi ni bora zaidi. Ya kuzuia mimba isipite siku 5. Kikao cha siku 3 ni saa 72 kamili.

Wapo watakaonung'unika kwamba haki za binadamu ni maneno ya Wazungu. Wapi! Kwetu Kongo, sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kulipa faini ya mapatano hakufuti kesi. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 ni ya Waafrika wenyewe. Na pale Arusha, mwaka 1998, mahakama ya mauaji ya Rwanda ilimtia hatiani Akayesu, kiongozi wa komini ya Taba, ikasema ubakaji nao waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hakuna jaji aliyeuliza bei ya mbuzi.

Wazee wetu, hatuwanyang'anyi baraza. Madeni, matusi, kuku waliopotea, mnayasuluhisha vizuri kuliko polisi. Hili moja liacheni. Atakayepata habari amfikishe binti dispensari usiku ule ule, kama mwenyewe anataka, pamoja na mwanamke anayemwamini, na jina lake lisitangazwe.

Nanyi wageni wetu, mnatugawia maharage makavu yanayochemka saa nyingi, lakini kuni ni juu yetu, na anayezifuata porini ni binti. Lizungumzieni hilo mkutanoni kwenu. Mlinzi wa zamu naye aambiwe asimrudishe mtu mlangoni kwa kukosa karatasi.

Mwakani, siku kama hii, tutawaomba mtusomee idadi tu, bila majina: wangapi walifika kabla ya saa 72.