Maumbo Yanapopandana: Kuondoa Uwazi Usiotakiwa katika Inkscape

Lalamiko la wachoraji wengi wa mabango na nembo ni hili: duara jekundu limewekwa juu ya mstatili wa buluu, na buluu bado inaonekana. Wengi hulinakili duara lile lile na kulibandika juu yake. Hesabu inakataa. Umbo lenye opasiti ya asilimia 50 huziba nusu ya kilicho nyuma. Nakala ya pili huziba nusu ya kilichobaki, jumla 75. Ya tatu hufika 87.5. Unaikaribia 100 bila kuifikia, na faili linajaa takataka.

Kwanza kagua sehemu zinapopandana. Je, rangi zimechanganyika, au pametoboka? Hayo ni maradhi mawili tofauti.

Zikiwa zimechanganyika, chagua umbo na ubonyeze Shift+Ctrl+F. Kidirisha kikifunguka, watu hutazama kitelezi cha opasiti tu, wakikuta 100 wanaapa kwamba programu ni mbovu. Lakini kitelezi kile ni cha umbo zima. Rangi ya ndani ina alfa yake, yaani opasiti ya rangi hiyo peke yake, mstari wa ukingo una yake, na kundi au tabaka lililobeba umbo huwa na opasiti yake pia. Mimi huanza na msimbo wa rangi, wenye tarakimu nane: ff0000ff ni nyekundu iliyoziba kabisa, ff000080 ni nyekundu ile ile iliyopunguzwa hadi karibu nusu. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazosema ukweli. Namba zote zikiwa sawa, angalia namna ya kuchanganya rangi: umbo lililowekwa kwenye hali ya kuzidisha hupenyeza rangi za chini hata opasiti ikiwa 100.

Tatizo likijirudia kwenye kila umbo jipya, chanzo ni mazoea ya programu: zana nyingi hurithi mtindo uliotumika mwisho. Nenda kwenye mapendeleo, uipe zana mtindo wake yenyewe.

Kutoboka ni jambo jingine, na hapa opasiti haihusiki hata kidogo. Chukua jina la duka lililoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, likageuzwa kuwa njia (path), kisha herufi zote zikaunganishwa kwa Ctrl+K. Panapogusana herufi mbili huweza kutokea kitundu. Ni kanuni ya ujazo ya shufwa na witiri: kutoka nukta yoyote piga mstari hadi nje, hesabu kingo ulizovuka, zikiwa shufwa, nukta hiyo haijazwi. Ndani ya mpandano unavuka mbili. Badilisha kanuni hiyo kwa kitufe kilicho kwenye ukurasa wa ujazo wa kidirisha kile kile cha Shift+Ctrl+F, kisha bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha, herufi ziwe njia moja. Usikimbilie kuzitenganisha vipande, maana hata matundu halali ya a na o yatazibika.

Kuna anayetaka uwazi, ila hataki sehemu zinazopandana zionekane zimekolea zaidi. Huyo aache kila umbo kwenye 100, akusanye yote kwa Ctrl+G, ndipo apunguze opasiti ya kundi.

Kwa wanaokata stika, yote haya ya rangi hayatoshi. Mashine hufuata njia, haijali opasiti. Maumbo yaliyopandana bila kuunganishwa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha itayakata ukingo kwa ukingo, hata yakionekana safi kabisa kwenye skrini.