Hamsta na Saa ya Mwili: Kwa Nini Maabara Peke Yake Haitoshi



Nimechagua kumzungumzia mnyama ambaye wengi wenu hamjapata kumwona: hamsta wa Siria, jamaa wa panya, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu na mkia mfupi mno. Sayansi ya tiba ina deni kubwa kwake. Hoja yangu ni moja: ametufunza mengi akiwa maabara, lakini tulianza kumjua sawasawa pale tu alipofuatwa kwao porini.

Saul Adler wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, alikuwa akitafiti lishmaniasi, maradhi yanayoenezwa na usubi. Aina yake kali, kala-azar, inaendelea kuwasumbua watu wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Hamsta wa Kichina ambao Adler aliwatumia walikuwa wagumu kuzaana vizimbani. Kwa hiyo mwaka 1930, mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alisafiri hadi karibu na Aleppo, Siria, kumtafutia wengine. Shamba la ngano likachimbwa, akapatikana hamsta mama na watoto wake shimoni. Katika taharuki ile mama akamuua mtoto wake mmoja. Baadaye, huko Jerusalem, baadhi ya watoto walitafuna kizimba wakatoroka. Wachache waliosalia wakazaana, ndugu kwa ndugu, na karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa duniani leo ni uzao wao.

Watafiti walimpenda kwa sababu za wazi. Mimba yake huchukua takriban siku 16 tu. Ana mifuko mashavuni inayofika hadi mabegani, naye huijaza nafaka na kuibeba hadi ghalani, kama afanyavyo panya buku wetu, yule anayefunzwa Morogoro kunusa kifua kikuu na mabomu ya ardhini. Ndani ya mfuko huo kinga ya mwili ni hafifu, kwa hiyo wanasayansi waliweza kupandikiza uvimbe wa saratani na kutazama mishipa ya damu ikiuotea. Mwaka 2020, virusi vya UVIKO-19 vilipomwingia, alipata homa ya mapafu inayofanana na ya binadamu, ilhali panya wa kawaida wa maabara hawakuambukizwa kwa urahisi na virusi vile vya mwanzo.

Lakini somo lake kubwa kuliko yote linahusu wakati. Mweke hamsta kwenye giza totoro, umpe gurudumu la kukimbilia: ataamka na kukimbia kila baada ya takriban saa 24, ingawa hana jua la kumwongoza. Mwaka 1988, Martin Ralph na Michael Menaker walitangaza kwamba wamempata hamsta ambaye, kwa sababu ya badiliko la jeni, mzunguko wake ulikuwa wa saa 22. Wazao wake waliorithi badiliko hilo kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na mzunguko wa saa 20. Mwaka 1990 hatua ya pili ikafuata. Hamsta walioharibiwa kiini kidogo cha ubongo, kilicho juu ya makutano ya neva za macho, walipoteza mpangilio wa siku yao. Walipopandikizwa kiini cha hamsta mwenye mzunguko tofauti, mpangilio ulirudi, na ulirudi kwa saa za yule aliyetoa kiini. Hivyo ndivyo ilivyothibitishwa kwamba saa kuu ya mwili wa mamalia imo mahali pale.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Kwa miongo mingi vitabu vilisema kwamba hamsta ni mnyama wa usiku, kwa kuwa akiwa maabara hukimbia usiku. Rolf Gattermann na wenzake wakaenda kusini mwa Uturuki, wakawafuatilia hamsta jike mashambani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba wanyama wale walitoka mashimoni mchana. Walipoletwa maabara, waligeuka wa usiku. Saa ni ileile, lakini mazingira ndiyo yaliyoamua itumikeje. Ukimsoma mnyama kizimbani pekee, unasoma pia kizimba.

Onyo hili linatuhusu sisi hasa. Fuko wasio na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia wanatafitiwa katika maabara za Ulaya na Marekani kwa sababu huishi miaka mingi na ni nadra kupata saratani. Maisha yao ya udongoni yako hapa, kwetu, na sisi ndio tuliopo karibu kuyachunguza.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Vyuo vyetu vitenge fedha za utafiti wa nyanjani kwa muda mrefu, si kwa mwezi mmoja wa mradi. Na ninyi wanafunzi, mkiwa na mnyama mnayemtafiti maabara, nendeni mkamwone anakoishi kabla hamjaandika neno "tabia". Hamsta wa mwituni mwenyewe anatishiwa kutoweka, kwa kuwa mashamba yanapanuka na wakulima humtegea sumu. Tusisubiri wa kwetu wafike huko ndipo tuanze kuwasoma.