Kodi ya Mume na Mke Nchini Marekani

Kila mwaka, ifikapo tarehe 15 Aprili, mamilioni ya wananchi wa Marekani hutakiwa wawe wamekwisha kuipelekea Serikali yao ritani ya kodi, yaani fomu ya kutangaza mapato ya mwaka uliopita. Mtu na mkewe huruhusiwa kujaza ritani moja ya pamoja, na wengi hufanya hivyo kwa kuwa mara nyingi kodi hupungua. Lakini fomu hiyo inayosifiwa kuwa ni nafuu kwa wenye ndoa imewaletea watu wasio wachache madai ambayo hawakuyatazamia hata kidogo.

Kosa lililo jepesi kuliko yote ni la hesabu. Mwajiri hukata kodi katika mshahara kwa kufuata maelezo aliyopewa na mfanyakazi. Mfanyakazi akiandika tu kwamba ana ndoa, mwajiri hukata kana kwamba mwenzake hana kazi. Chukua mume na mke ambao mwaka 2024 kila mmoja alipata dola 60,000. Kila mwajiri akitoa msamaha mzima wa wanandoa wa dola 29,200, atakata dola 3,232, na jumla ya wote wawili ni dola 6,464. Lakini msamaha huo ni mmoja kwa nyumba nzima, si wa kila mshahara. Kodi halali ya dola 120,000 za wawili hao ni dola 10,432. Zimepungua dola 3,968, na zinadaiwa kwa mkupuo, pengine na adhabu juu yake. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 fomu ya mfanyakazi ina kisanduku cha kutiwa alama iwapo wanandoa wote wawili wana kazi. Kisanduku kidogo kama hicho ni rahisi kurukwa.

Hilo ni la fedha tu. Lililo zito zaidi limo katika sahihi. Tangu mwaka 1938 sheria imesema wazi kwamba waliotia sahihi ritani ya pamoja wanawajibika kwa pamoja, na tena kila mmoja peke yake, kwa deni lote. Kwa hiyo mume akificha mapato ya biashara yake, na mke akatia sahihi jioni moja bila kusoma, Idara ya Kodi inaweza kumdai mke huyo deni zima, hata kama hakuona senti moja ya fedha hizo. Ndoa ikivunjika deni halivunjiki. Hakimu wa talaka anaweza kuamuru mume alipe, lakini amri hiyo ni baina ya wawili hao. Idara ya Kodi haifungwi nayo.

Serikali ya Marekani yenyewe iliutambua uonevu huo. Mwaka 1971 Bunge lilitunga kifungu cha kumnusuru mwanandoa asiye na hatia, na mwaka 1998 likakipanua. Waliotalikiana au kutengana sasa wanaweza kuomba deni ligawanywe, na mtu aliyetia sahihi akiwa chini ya mateso ya mwenzake anaweza kusikilizwa kwa misingi ya haki. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, kwa kawaida huwa juu ya mwombaji. Si haki kamili hiyo: aliyefichwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alifichwa.

Mambo haya hayako mbali na nchi zetu kama yanavyodhaniwa. Wapo Wakenya, Wakongo na Warundi wengi wanaofanya kazi huko huku wake au waume zao wakiwa bado nyumbani. Sheria huwaruhusu kumhesabu mwenzi aliye ng'ambo kuwa mkazi, ili wajaze ritani ya pamoja. Wakikubali hivyo, mapato ya wote wawili yaliyopatikana popote duniani yanaingia katika hesabu: kodi ya nyumba iliyoko Mombasa, faida ya duka lililoko Bujumbura, mshahara wa mwalimu wa Bukavu. Kodi ya mapato iliyokwisha kulipwa huku yaweza kupunguzwa katika ile ya huko, lakini ni lazima iandikwe na ithibitishwe. Anayekaa kimya kwa kudhani kwamba cha nyumbani ni cha nyumbani hujiwekea deni yeye na mwenzi wake.

Kuna tofauti moja ambayo maofisa wa kodi hawaitangazi kwa sauti kubwa. Wanandoa walioanza kwa ritani mbili wanaweza, kwa kawaida ndani ya miaka 3, kuziunganisha ziwe moja. Walioanza kwa moja hawawezi kuitenga baada ya tarehe ya mwisho kupita.