Utafiti wa Kilifi Ulioibadilisha Dripu ya Mtoto

Mazungumzo ya afya kwa wakaazi wa Jomvu Kuu



Mtoto akichemka mwili usiku, mzazi hutafuta bodaboda au tuktuku amkimbize hospitali, na akifika hutarajia kuona dripu. Asipoiona, hudhani mtoto amepuuzwa. Mazungumzo haya yanahusu dripu hiyo, na utafiti uliofanywa hapa Pwani ukawafanya madaktari wa nchi nyingi waifikirie upya.

Profesa Kathryn Maitland ni daktari wa watoto kutoka Imperial College, London, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi Kilifi katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust. Miongozo ya nchi tajiri ilikuwa ikisema kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono na miguu imekuwa baridi kwa sababu damu haizunguki vizuri, apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Mwongozo huo ulikuwa haujapimwa kwa utafiti mkubwa katika hospitali za Afrika.

Kuanzia 2009, yeye na watafiti wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania waliupima. Utafiti uliitwa FEAST. Watoto 3,141 katika hospitali sita, ya Kilifi ikiwemo, waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili maji ya albumini kwa kasi, na la tatu halikupewa maji ya kasi. Wote walipata matibabu mengine waliyohitaji. Kwa kuwa kuchelewa kungemhatarisha mtoto, mzazi aliweza kuombwa kwanza kauli ya mdomo, kisha akaelezwa yote na kutoa idhini kamili hali ikishatulia.

Mwezi Januari 2011 kamati huru ya usalama ilisimamisha utafiti kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa. Katika saa 48 za kwanza, asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi walikuwa wamefariki. Kwa wale wasiopewa maji ya kasi ilikuwa asilimia 7.3. Maana yake, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya kasi, watatu hivi zaidi walikufa kwa tiba iliyodhaniwa kuwaokoa.

Matokeo yalichapishwa mwaka huo katika jarida la New England Journal of Medicine. Tangu hapo, watafiti wengine wameitaja makala hiyo katika maandishi yao zaidi ya mara elfu moja. Wasomi huhesabu kutajwa huko. Wana hata kipimo kiitwacho h: mtafiti mwenye h ya 30 ana makala 30, na kila moja imetajwa angalau mara 30.

Lakini kutajwa si kukubaliwa. Wengi walioitaja waliipinga, wakisema watoto wa Afrika wana malaria na upungufu wa damu, hivyo matokeo hayahusu kwingine. Wengine walifanya kazi ya kupima tena. Mwaka 2017 watafiti wa Lusaka, Zambia, walitoa matokeo ya wagonjwa wazima 209 waliokuwa na maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka. Waliotibiwa kwa utaratibu wenye maji mengi walikufa asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.

Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016, miaka mitano baada ya makala ya kwanza. Sasa mtoto mwenye homa na baadhi tu ya dalili za damu kutozunguka hatakiwi kumiminiwa maji kwa kasi. Mwenye dalili zote hupewa kiasi kidogo kwa nusu saa hadi saa moja, huku akiangaliwa. Hesabu ya kutajwa ilipanda upesi. Badiliko kando ya kitanda cha mtoto lilichukua miaka.

Tahadhari moja isisahauliwe. Utafiti huu haukuwahusu watoto wanaoharisha. Mtoto anayeharisha na kutapika hupoteza maji, na lazima arudishiwe: apewe maji ya ORS nyumbani, na akilegea, macho yakizama au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja. Huyo dripu yaweza kumwokoa.

Basi, mzazi akimfikisha mtoto mwenye homa kali na daktari asianze na dripu, asiondoke kwa hasira wala asimkimbize mtoto kwenye duka la dawa kutafuta wa kumtundikia. Aulize kwa upole: "Daktari, mtoto anapewa nini, na kwa nini?" Ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa.